Saplasi Ndilo Jina Langu, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, ila sikulelewa kusema na mkubwa kabla ya kumwamkia, na sitaanza leo kwa sababu tu umelala udongoni.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako. Mama yuko jikoni anachagua maharage. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia, naye akasema, "Msalimie. Mwambie miguu inauma, lakini nipo." Hiyo ndiyo salamu yake. Yaliyobaki ni yangu, na si yote matamu. Barua yenyewe nimeiacha wazi, wataisoma na watu ambao hawakukujua, kwa hiyo nivumilie nikisimulia hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Mimi ni binti yako wa saba na wa mwisho. Kabla yangu alitangulia Dada Fidea, wakafuata wengine watano, wote wasichana. Habari za kuzaliwa kwangu ulinisimulia mwenyewe mara nyingi, tukiwa tumesimama kando ya vichanja tukigeuza kahawa ikauke. Ulisema siku ile kaka yako, Baba Mkubwa, alikuja kujulia hali, akaambiwa ni msichana tena. Akashika kiuno, akasema, "Huyu sasa ni ziada." Na wewe, kwa jinsi ulivyosimulia, ulimtazama machoni ukamjibu, "Ndiyo, kaka. Ni saplasi."

Neno hilo ulilipata kwa bwana shamba. Alikuja kijijini kwetu, huku milimani juu ya Mbinga, akafanya mkutano na wakulima, akasema Ruvuma ni mkoa wa "surplus". Mkatazamana. Mmoja wenu akauliza hiyo surplus ni mdudu gani, bwana shamba akacheka, akaeleza kuwa ni mazao yanayobaki ghalani baada ya kila mtu nyumbani kushiba, na ndiyo yanayolisha mikoa mingine. Mkapiga makofi. Ulilibeba neno lile mpaka nyumbani ukalitunza, na nilipozaliwa ukanipa mimi. Padre alinibatiza Skolastika. Sijui kama kuna mtu aliwahi kuniita hivyo zaidi ya padre mwenyewe. Kisimani, shambani, shule ya msingi, kote nilikuwa Saplasi.

Unakumbuka safari zetu za kuteremka ziwani? Mama ni Mnyasa wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, na baada ya mavuno ulikuwa unapakia mahindi na maharage kwenye lori, unanipakia na mimi juu ya magunia, tunakwenda kwa wajomba kubadilisha na usipa, dagaa wa kule. Barabara inashuka, masikio yanaziba, halafu ghafla ziwa liko chini yetu na sweta linakuwa kero. Mwaka mmoja usipa walikuwa wengi hata ufuko mzima ulimeta kwa samaki walioanikwa, na akina mama wakawa wanaita wapita njia wachukue bure kabla hawajaoza. Mama mmoja akaniuliza jina. Nikamwambia.

"Saplasi? Ndiyo nini?"

Ukamjibu wewe: "Ni chakula kinachobaki watu wakishashiba."

Yule mama akacheka mpaka akakaa mchangani. Akaniambia nikinge gauni, akanijazia usipa mpaka wakawa wanamwagika. Nilitembea mpaka kwa Mjomba nanuka samaki, na sijui kama niliwahi kujivuna vile tena.

Kisha nikaenda sekondari.

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema ili nisimwonee. Siku hiyo alikuwa anafundisha maneno ya kitu kilichozidi. Aliandika ubaoni excess, glut, surfeit, superfluous, akaeleza moja baada ya jingine. Excess ni kilichovuka mpaka. Glut ni bidhaa kujaa sokoni mpaka ikose mwenye haja nayo. Surfeit ni kula mpaka chakula chenyewe kikuchukize. Superfluous ni kisicho na kazi, hata kikiondolewa hakuna atakayejua kilikuwepo. Mwisho akaandika surplus, akatafuta mfano, akasema, "Surplus to requirements. Yaani hahitajiki, apunguzwe."

Darasa zima liligeuka kunitazama. Mwalimu naye alikumbuka jina langu akiwa amechelewa, akafuta ubao haraka haraka, lakini kufuta ubao hakukusaidia kitu. Jioni ile bwenini niliitwa Glut. Kesho yake nikawa Excess. Kulikuwa na msichana mmoja aliyependa kuniita Superfluous, alikuwa analitamka kwa madaha kama mtangazaji wa redio. Kwenye foleni ya chakula wakawa wananiambia nipishe, mimi ni wa kupunguzwa.

Nilirudi likizo nikiwa nimefura. Sikukuamkia vizuri, nilikukuta kwenye vichanja nikakutupia maneno: "Baba, ulinipa jina la takataka."

Hukuacha kugeuza kahawa. "Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu amekisomea Kiingereza, siwezi kubishana naye. Hebu nitajie alichofundisha."

Nikakutajia yote, na maana zake, kwa hasira. Ukayarudia taratibu, moja moja, kama mtu anayeonja mboga: ekses, glati, safiti, supafluasi. Halafu ukasimama wima.

"Hawa watu walipatwa na nini?" ukaniuliza. "Sisi tuna njaa, tuna uhaba, tuna ukata, tuna upungufu, tuna dhiki. Wao wamekaa chini wakatafuta jina la kila namna ya kushiba, na yote ni ya kulalamika!"

Sikutaka kucheka. Nilijikaza mpaka machozi yakanitoka, ukadhani nalia, na pengine kweli nilikuwa nalia. Ukaifuta mikono kwenye suruali ukanisogelea.

"Mwanangu, bwana shamba aliniambia maana moja. Hiyo ndiyo niliyokupa. Nyingine sikuzijua. Unataka tulibadili?"

"Sijui."

"Basi ukijua utaniambia."

Sikukuambia chochote. Ila tangu siku hiyo maneno yale yakawa ya nyumba nzima. Mgeni akija, ulikuwa unamwambia, "Karibu, ugali upo mpaka ekses." Dada Fidea akikupakulia mchuzi kidogo, unalalamika kwamba nyama ya leo haina hatari ya supafluasi. Mama alikuwa anatikisa kichwa, "Baba Fidea, utawatia watoto wazimu." Na niliporudi shule muhula uliofuata, yule wa kuniita Glut aliponiita, nikamwitikia, "Naam! Karibu sokoni." Mchezo ulikufa ndani ya wiki hiyo, na waliobaki wakaniita Saplasi.

Ukaondoka kahawa ikiwa imeanza kuiva. Ulilalamika kifua, ukasema ni vumbi la mashine ya kukoboa, halafu asubuhi moja hukuamka. Sitaandika zaidi kuhusu asubuhi ile. Niandike yaliyofuata, kwa sababu hayo hukuyaona.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa uani. Wanaume kwenye viti, sisi na Mama kwenye mkeka. Baba Mkubwa alifungua kikao kwa sala, kisha akampa nafasi mwanawe, Kaka Faustini. Unamfahamu Faustini, shati lililopigwa pasi na Kiingereza cha mjini. Akasema ukoo umeamua. Shamba la kahawa na ngolo, yale mashimo ya mlimani tunamolima mahindi, zilizopakana nalo vitarudi kwa Baba Mkubwa, ili visipotelee kwa waume zetu. Mama atabaki na nyumba mpaka atakapojisikia kurudi kwao Kihagara.

Fidea akauliza, "Na sisi watoto?"

"Dada zangu, binti ni wa kwa mumewe. Hilo sikulitunga mimi." Kisha akanigeukia, akatabasamu. "Na huyu hata hana haja ya kuuliza, jina lake linajibu. Surplus. Mzee mwenyewe alijua, akaandika mapema."

Wanaume wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Baba, nimetukanwa na watu wengi kwa jina hili, na nimezoea. Lakini siku ile walikufanya wewe uwe shahidi wao. Umelala pale nyuma ya nyumba, udongo haujashuka, na wanakutia maneno mdomoni. Nikasimama.

Baba Mkubwa akaniambia, "Keti. Mtoto wa kike hasimami kwenye kikao cha ukoo."

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Nitaketi nikimaliza."

Usidhani nilikuwa shujaa. Nikamwambia Faustini Kiingereza chake ni kizuri, lakini mwenye jina ni mimi na aliyenipa ni baba yangu, na alinipa kwa maana ya chakula kinachobaki watu wakishashiba. "Sasa niambie, Kaka," nikamuuliza, "nani ameshiba hapa? Lile shamba lilikuwa pori. Baba alifyeka akalaza nyasi miraba miraba. Mama na sisi tukachimba tukazifukia udongo, mlima mzima, mashimo kwa mashimo, mpaka mvua ikashindwa kuuteremsha. Wewe siku ngapi ulishika jembe pale? Mama haendi Kihagara, na shamba haliendi popote."

Kelele zikaanza. Mama alikuwa amejitanda kanga mpaka machoni. Akaishusha. "Kihagara nilitoka msichana," akasema. "Wazazi wangu wamekwisha. Mume wangu yuko hapa. Nirudi kwa nani?" Kikao kikavunjika bila sala ya kufunga.

Tulipokuwa tunaosha vyombo mchana ule nilimwambia Mama, kwa majivuno kidogo, kwamba nimemjibu Baba Mkubwa kama wewe ulivyomjibu siku niliyozaliwa. Mama akamaliza kusugua sufuria. Kisha akaniambia, "Baba yako hakumjibu."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Hakumjibu, mwanangu. Kaka yake aliposema ziada, baba yako aliinama akatazama miguu yake. Akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi ndipo akafunga mlango, akakupakata, akaniambia mimi, 'Huyu ni saplasi, Mama Fidea. Ni wa baada ya shibe.' Alilisema ndani."

Niliiweka sahani chini. Kwa hiyo ndiyo hivyo, Baba. Miaka yote ile kwenye vichanja ulikuwa unanisimulia jibu ulilotamani kutoa.

Nilikukasirikia. Nataka ujue hilo, kwa sababu barua ya mapenzi matupu isingekuwa barua yangu. Niliona jinsi ulivyokuwa unamwogopa kaka yako maisha yako yote, jinsi alivyokuwa anakuja kuchukua mbuzi bila kuomba na wewe unamfungulia zizi. Ungeweza kusema mara moja tu, mbele ya watu, "Shamba hili ni la mke wangu na binti zangu." Sentensi moja. Ulijua maneno mengi ya Kiingereza ya kuchezea, lile moja la Kiswahili likakushinda, ukatuachia sisi tulitafute tukiwa na matanga. Hilo sijakusamehe lote. Nasamehe kidogo kidogo, kila nikikumbuka kwamba angalau ndani ya mlango ulisema.

Lakini hasira ile ilinisaidia. Nilijiambia, alichokisema yeye ndani, mimi nitakisema nje.

Faustini hakusubiri. Habari zikatufikia kwamba ameajiri vibarua waje wachume kahawa Jumatatu. Fidea akawapigia simu dada zetu wote. Walikuja kutoka walikoolewa, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine ameaga kwa mume kwa ugomvi, aliyeolewa Liuli, kule ziwani, amepanda gari la samaki. Jua likichomoza tulikuwa shambani, saba, kila mmoja na kikapu chake, na Mama ameketi chini ya mgomba mwanzoni mwa shamba, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite mbele yake. Tulianza kuchuma.

Vibarua wakaja na Faustini. Walikuwa vijana wa hapa hapa, unawajua wote, wamekula kwetu. Wakafika kwa Mama wakasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunisaidia kuchuma, au mmekuja kuninyang'anya?"

Wakatazamana. Faustini akasema kutoka nyuma, "Piteni, msimsikilize." Mmoja akamgeukia, akasema kwa adabu, "Kaka, mimi siwezi kumruka mama huyu miguu." Akaondoka. Wengine wakamfuata. Faustini alibaki peke yake na viatu vyake vya mjini, anatupigia kelele kwamba tunaiba mali ya ukoo, na sisi tunachuma. Dada yetu Restituta akaanzisha wimbo wa kanisani. Hatukuwa na sauti nzuri, lakini tulikuwa wengi. Kahawa ile tuliimenya, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja vyako, na tulipeana zamu ya kuilinda mpaka ikakauka.

Shauri tukalipeleka wenyewe. Kata walijaribu kutusuluhisha, Baba Mkubwa akakataa suluhu, likaenda baraza la ardhi la wilaya. Wakaja mpaka shambani. Majirani walisimama wakasema walichokiona: kwamba pale palikuwa pori, kwamba ulifyeka wewe, kwamba ngolo zilichimbwa na Mama na wasichana. Mwenyekiti akamwambia Baba Mkubwa amwonyeshe hata mche mmoja alioupanda. Mzee wa watu alizunguka na fimbo yake kati ya mibuni, akarudi bila kuonyesha hata mmoja. Nilimwonea huruma, Baba. Huruma haikunifanya nirudi nyuma.

Baraza likasema shamba ni la Mama na la watoto wako.

Nje mlangoni Faustini akanipita karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Umeshinda shamba. Jina litabaki lile lile."

"Litabaki, Kaka. Sijamwomba mtu aliondoe."

Na tulipokwenda kuandikisha shamba, karani, binti mpole tu, akanitazama juu ya miwani. "Dada, huna jina la ubatizo? Tuandike hilo. Hili litakuletea maswali maisha yako yote."

"Ninalo. Lakini andika Saplasi. Maswali nitayajibu."

Akaandika. Uliniambia nikijua nikuambie kama nataka tulibadili. Nimejua, Baba. Sitaki. Si kwa sababu yako tu. Kwanza nililipenda kwa ajili yako, kisha nikalichukia kwa ajili ya darasa, na sasa ni langu kwa sababu nimelipigania. Walimu waseme excess, waseme glut, kamusi ijae mpaka ipasuke. Wanawake wengi nimewaona wakiambiwa wamezidi: mwenye sauti kubwa, mwenye watoto wa kike watupu, mjane asiyetaka kuondoka. Wakaambiwa wapungue, na wengine wakapungua mpaka ukiwasalimia huwaoni walipo. Mimi sipungui. Mama hapungui. Dada zako wadogo wale, kama ulivyokuwa unawaita binti zako ukiwatania, hakuna hata mmoja aliyepungua.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Juzi Baba Mkubwa ametuma mtu. Amesema Faustini anakata rufaa, na safari hii ana wakili, na kesi itasikilizwa Songea. Yule mjumbe aliisema "Songea" kama anayetaja mwisho wa dunia, akasubiri aone kama nitalia.

Nikamkaribisha chai. Nikamwambia amfikishie Baba Mkubwa shikamoo yangu, na amweleze kwamba Songea si mbali, barabara yenyewe ni ya lami. Tutakwenda sote saba, na Mama tutamweka kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ya miguu yake. Tutaingia mahakamani tukiwa wengi kuliko viti vilivyopo. Wakitaka, watuongezee viti. Wasipotaka, tutasimama.

Lala, Baba. Huna haja tena ya kuinamisha macho.

Mimi binti yako wa saba,
Saplasi